Mwongozo wa Mgeni Mwenye Pua ya Mvinyo Anayekwenda Singida

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu, na kila ofisi anaye. Alialikwa jioni moja kuonja mvinyo kule Masaki, Dar es Salaam, akafundishwa kushika glasi kwa mguu wake, kuitikisa mara mbili, kuchomeka pua ndani, kisha kutamka neno "madini" huku akitazama mbali. Tangu siku hiyo hanywi tena, anaonja. Anajua kwamba mvinyo wa Marsala wa Sicily ulipelekwa Uingereza na mfanyabiashara John Woodhouse mwaka 1773. Anajua kwamba Cannonau ya Sardinia huteremshiwa nguruwe mchanga aliyebanikwa taratibu, na kwamba watu wa Trapani hula kuskusi kwa samaki. Sasa amepangiwa semina Singida. Posho imeshaingia, jioni ziko wazi, na begani kaning'iniza mkoba wenye kifungulio cha chupa.

Asipoonywa mapema, ndugu huyu ataumbuka. Haya ndiyo maonyo.

1. Ukiagiza mvinyo utaupata

Mhudumu wa mjini Singida hatashangaa ukimwomba mvinyo. Atakuletea dompo, ule mvinyo mtamu wa hapa nchini, au chupa ya Dodoma ambayo imesimama rafuni ikipigwa na jua la dirishani tangu Krismasi, pamoja na glasi ya soda. Usinune. Kutoka mezani pako hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 240 za lami, na mizabibu ya huko ina undugu na Italia kuliko unavyodhani. Mapadri Wapasionisti kutoka Italia walikabidhiwa Dodoma mwaka 1935, na ni katika misheni kama Bihawana ambako zabibu zilizoeleka, kwanza kwa ajili ya altare. Kilimo kikasambaa kwa wananchi, kikapata na kituo chake cha utafiti pale Makutupora.

Jambo la kukutia adabu ni hili: mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Sicily akiambiwa hivyo atadhani anataniwa, maana wa kwake hupukutisha majani na kulala kipindi chote cha baridi. Kwa hiyo ule ufundi wako wa kusoma mwaka kwenye lebo na kutikisa kichwa kwa huzuni ("ah, mwaka ule mvua zilichelewa") hapa unadai swali la ziada: mavuno yapi ya mwaka huo? Usimuulize mhudumu. Ana meza sita, na mpira umeanza.

Kunywa glasi moja kwa heshima ya jirani, kisha funga mkoba. Hukuja Singida kunywa Dodoma.

2. Jiwe, upepo na maji

Wataalamu wa mvinyo hupenda kusema kwamba kinywaji hubeba ardhi yake. Hapa wamesema kweli, ingawa si kwa namna waliyoikusudia.

Tuanze na upepo. Pantelleria, kisiwa cha Italia kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko na Sicily, hupigwa na upepo kiasi kwamba kila mzabibu hupandwa ndani ya kishimo chake ili using'olewe. UNESCO iliuingiza utaratibu huo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Singida nayo, kwenye uwanda wake wa mita kama 1,500 juu ya bahari, ina upepo ambao wawekezaji wa umeme wameuzungumzia miaka nenda rudi huku wenyewe ukiendelea kuvuma bure. Wenyeji nao walijua kuukwepa: tembe, ile nyumba ya paa bapa la udongo, imeinama chini haiupi upepo pa kushika. Orodha ya UNESCO haijapita huku.

Halafu mawe. Utayaona tangu dirishani mwa basi, matale makubwa yaliyobebana yenyewe kwa yenyewe. Mnywaji wa mvinyo wa Etna hulipa fedha nyingi ili aambiwe kwamba anaonja jiwe. Singida jiwe huja bure kwenye kikombe cha maji ya kisima. Maji ya baadhi ya visima yana chumvichumvi, mengine yana floraidi ya kutosha kuacha rangi ya kahawia kwenye meno ya waliokulia hapo. Ukitaka kusema "madini", hapa ndipo mahali pake. Ukishasema, nunua maji ya chupa.

3. Mtukuru, na kosa la kuuliza ni wa mwaka gani

Kinywaji ulichokifuata, kama ungejua ulichokifuata, kinaitwa mtukuru. Ni pombe ya nafaka, ya mtama au uwele, na mapishi yake yanataka subira kuliko bahati. Nafaka huloweshwa, ikafunikwa mpaka ichipue, ikaanikwa juani, ikasagwa ikawa kimea. Uji hupikwa pembeni, ukaachwa upoe. Kimea kikatiwa, mchanganyiko ukaachwa ufanye kazi yake, ukachujwa. Siku kadhaa zimekwisha, kuni zimekwisha, na mama aliyeipika hajalala vizuri, maana pombe ikiamua kuiva saa nane usiku haimsubiri mtu.

Ukiinua kopo utaona kahawia ya udongo, povu jembamba, na chembe za pumba zikizunguka polepole kabla ya kutua. Puani kuna nafaka iliyochipua, moshi wa kuni, na ukiwa mkweli, ndoo ya plastiki. Ulimini ni mzito na mchachu, halafu joto linapanda taratibu. Mpaka hapo elimu yako ya Masaki inatosha. Inapokwama ni kwenye swali la umri.

"Shikamoo mama. Huu ni wa lini?"

"Marahaba, baba. Wa leo."

"Na ule kwenye pipa?"

"Wa jana. Ule una wenyewe."

Hapo umepewa somo zima la mtukuru kwa maneno machache. Mvinyo wa kisiwani huhesabiwa kwa miaka. Mtukuru huhesabiwa kwa saa. Mapema bado una utamu na mtoto wa mwenye nyumba anauita togwa. Saa chache mbele umekomaa, na hapo ndipo wazee wanapojikongoja kuja. Kesho yake umechachuka, umekuwa mkali, na wanaoupenda hivyo wanajulikana kwa majina. Keshokutwa ni chakula cha nguruwe. Hakuna ghala, hakuna lebo, hakuna wa kukuuzia wa mwaka juzi kwa bei ya kiwanja. Anayetaka mzuri sharti awe mahali panapostahili kwa saa inayostahili, na mgeni aliyekaa hotelini akisubiri jua lipungue hukuta mapipa yanaoshwa.

4. Adabu za kilabuni

Kwanza, salimia wote. Usisalimie aliye karibu tu ukadhani wengine wamesikia. Walio kwenye benchi la mwisho wanahesabu.

Pili, mambo ya kuonja yamegeuzwa. Kule kwa akina Woodhouse mhudumu hukumiminia tone, wewe ukaonja, ukakubali kwa kichwa. Huku anayekukaribisha huonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akakupa. Usimpokonye kopo ili uonyeshe kwamba unamwamini.

Tatu, usiteme. Najua mlifundishwa kutema kwenye ndoo maalumu. Ukitema hapa, aliyepika atakutazama, na atakayekutetea hayupo.

Nne, usitikise kopo. Litamwagika, na jirani yako amevaa suruali yake ya kanisani.

Tano, kopo likiwa moja kwa watu wanne, si umaskini wa vyombo. Ndiyo namna ya kukaa. Ukiwa na kikohozi sema mapema, utapewa lako.

Sita, ukinunua, nunua na ya wazee. Hakuna atakayekudai. Lakini maelezo yote unayoyatafuta, kuanzia mvua zilivyokuwa mpaka nani anapika vizuri mtaa wa pili, yamehifadhiwa kwenye vichwa vya hao wazee, na hufunguka baada ya lita ya kwanza.

Kuna jambo pia ambalo kilabu hakikuonyeshi. Kwa vizazi vingi, pombe kama hii haikupikwa ili iuzwe. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu wa Singida na kuchapisha kitabu The Wahi Wanyaturu mwaka 1970, alieleza jinsi nafaka ilivyogeuka pombe, na pombe ikaita majirani waje kulima. Mwenye shamba alipika, watu wakaja na majembe, kazi ikaisha, ndipo kata ikaanza kuzunguka. Kwa hiyo ukiuliza "kinywaji hiki huenda na nini?" jibu la zamani lilikuwa fupi: na jembe. Siku hizi kinakwenda na sare za shule, madaftari na bili ya maji, kwa kuwa fedha ya pipa hukaa kwenye pindo la khanga ya mama aliyepika na ina kazi kabla haijafika.

5. Vya kula, kwa yule anayesisitiza

Vitabu vya mvinyo vina kurasa nzima za jozi: hiki na samaki, kile na nyama nyekundu. Singida kurasa hizo zinavurugika mapema, kwa sababu mtukuru na ugali wa mtama vimetoka gunia moja. Mmoja ulisongwa leo, mwingine ulisubiriwa siku kadhaa. Mzee aliyekunywa lita mbili mchana hataki chakula, na ukimsukumia sahani atakuuliza kwani alichokuwa anafanya saa zote hizo ni nini. Lakini posho ni yako, basi kula.

Kuku. Ndiye balozi wa mkoa. Matenga yake hupanda juu ya mabasi kwenda Dar es Salaam, na mabango ya "kuku wa Singida" yamefika hata mitaa ambayo kuku wenyewe hawajawahi kufika. Tahadhari mbili. Ya kwanza ni chotara: ana mwili, amekua haraka, mfupa wake unakatika kwa vidole. Kuku wa kienyeji alipata kila gramu yake kwa kukimbia, na jino lako litalijua hilo. Ya pili ni muda. Ukiagiza mchemsho ukasikia vurugu nyuma ya jiko, watoto wakipiga kelele na ndoo ikianguka, usiulize oda yako imefikia wapi. Umeshasikia. Baada ya hapo ni moto mdogo, chumvi, kitunguu, nyanya na saa nzuri ya kungoja. Ukialikwa nyumbani, acha firigisi ipite mpaka ujue ni ya nani. Mara nyingi ni ya baba mwenye nyumba, na akikupa wewe, umepewa heshima wala si kipande.

Kitunguu kina hadhi yake. Pita soko la Misuna uone magunia yake yakipakiwa malori ya safari ndefu, kisha uelewe kwa nini mchuzi wa hapa hauhitaji kiungo cha pakiti.

Mafuta. Waitalia watakuwekea mafuta ya zeituni kwenye kisahani uchovye mkate. Singida ni nchi ya alizeti. Zikichanua, mashamba ya Iramba na Ikungi huwa ya njano hadi macho yanachoka. Kando ya barabara utauziwa mafuta ya kukamuliwa kwenye madumu, yasiyosafishwa, yenye harufu ya mbegu yenyewe. Mgeni hudhani yameharibika. Hayajaharibika, umezoea ya dukani yaliyonyang'anywa harufu yote. Mashudu yanayobaki huliwa na ng'ombe, kwa hiyo hata maziwa unayokunywa yamepitia alizeti.

Mlenda. Huu ndio mtihani wa kidato cha nne. Majani huchemshwa na magadi kidogo, wengine hutia karanga za kutwanga, na hutokea mboga laini, ya kijani iliyokolea, inayovutika. Ugali wake ni wa uwele au mtama, mweusimweusi, usioshikana kama wa sembe. Ukate tonge dogo, ulibonyeze kwa dole gumba lifanye kijishimo, uchote mlenda, uinue. Hapo ndipo wageni hufa. Uzi mrefu utabaki umeunganisha tonge na bakuli, nawe utavuta juu, nao utafuata, utavuta tena, nao utafuata, mpaka mkono uko usawa wa paji la uso na meza nzima imenyamaza. Dawa ni moja: zungusha kifundo cha mkono nusu duara ukingoni mwa bakuli, uzi ukatike, upeleke kinywani haraka. Shati jeupe liache hotelini.

Samaki. Mpenzi wa kuskusi ya Trapani asikate tamaa kwa sababu bahari iko mbali. Usimuulizie kwenye ziwa Singidani, ambalo chumvi yake huwafaa zaidi heroe. Ulizia wa ziwa Kitangiri, upande wa Iramba: kambare na perege, wabichi au waliokaushwa kwa moshi. Kambare wa moshi kwenye mchuzi wa karanga na ugali wa mtama anakidhi kila sharti ambalo kitabu chako kimeliweka kwa mvinyo mwekundu mwepesi, isipokuwa mvinyo wenyewe.

Mgando. Wasardinia wana jibini inayoitwa casu marzu, yenye funza hai ndani yake, ambayo sheria hairuhusu iuzwe na ambayo hata hivyo inaliwa. Mtu aliyeisifia jibini hiyo mbele za watu hana haki ya kukunja uso akiletewa kibuyu cha maziwa ya mgando kilichofukizwa kwa moshi. Kunywa, futa mdomo, shukuru.

Michembe. Viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, hasa upande unaopakana na Usukumani. Vikichemshwa huliwa na chai. Ukivila vikavu kama korosho, utakaa mezani mpaka wenzako wamelala.

6. Kidokezo kwa wapenda vitamu

Pantelleria hutengeneza mvinyo mtamu kwa zabibu zilizoanikwa juani. Singida utamu uko porini. Manyoni na Itigi, ambako vichaka hufungamana kiasi cha kumzuia mtu asipite wima, ni nchi ya nyuki. Asali yao huliwa na kila kitu, na ikichachushwa kwa maji huitwa wanzuki. Huteremka kirahisi kuliko mtukuru, na humkamata mgeni akiwa bado anaisifia. Wabarbaig, kuelekea Hanang, huiheshimu zaidi pombe yao ya asali: ni ya wazee na ya shughuli nzito, haiuzwi kwa mpita njia. Ukiwakuta wameikalia, wasalimie uendelee na safari.

Nyuki wenyewe pia uwape heshima yao. Husimuliwa Singida kwamba Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu, aliwapiga Wajerumani kwa makundi ya nyuki mwanzoni mwa karne ya 20. Uwanja wa mpira wa mjini, uliojulikana miaka mingi kama Namfua, leo unaitwa Liti. Sidhani kama kuna mvinyo wa kisiwani ambao malighafi yake iliwahi kupigana vita.

Ukiuziwa kichupa kidogo cha asali ya nyuki wadogo kwa bei ya chupa kubwa ya asali nyingine, hujaibiwa. Wadogo hutoa kidogo, na wengi huinunua kama dawa.

7. Cha kukataa

Hapa utani unasimama kidogo. Atatokea kijana wa kukunong'oneza kwamba anacho "cha moto", cheupe, kwenye chupa ya maji. Hiyo ni gongo. Sheria imeikataza, na hata isingeikataza, hujui imetengenezwa kwa nini wala imechanganywa na nini. Watu wamepofuka na watu wamekufa. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, navyo vilipigwa marufuku Machi 2017, kwa hiyo anayekuletea kimoja leo anakuletea na umri wake. Kataa kwa upole, hamia benchi la wazee.

Asiyekunywa kabisa, kwa dini au kwa dawa alizoandikiwa, hana haja ya kujieleza. Singida ina misikiti na makanisa ya kutosha, na neno "situmii" hupokelewa bila mahojiano. Ataletewa togwa, na kwa nusu ya wenyeji hicho ndicho kinywaji cha mkoa.

8. Zawadi na kurudi nyumbani

Siku ya mwisho mgeni hushikwa na wazo. Atajaza mtukuru kwenye chupa ya lita moja na nusu, akaze kifuniko, auweke begini kati ya shati na kompyuta, akawaonyeshe wenzake. Usithubutu. Ndani ya chupa ile kazi haijaisha. Hewa inazidi kujaa, jua linapiga bodi la basi, na kabla hamjafika Manyoni utakuwa umewanywesha abiria ambao hawakuomba. Marsala ilivuka bahari kwa sababu waliikoleza kwa pombe kali ili isiharibike njiani. Mtukuru hakuna aliyewahi kuutaka usafiri, na aliyeupika hajaona sababu: wanywaji wake wako hatua mia kutoka pipani.

Beba asali, haiozi. Beba kitunguu. Beba kuku mzima, ukijua kwamba atawika Chalinze. Beba dumu la alizeti, ulisimamishe wima.

Na kama bado unataka kuonja mtukuru ulioiva sawasawa kabla hujaondoka, tatizo lako la mwisho ni la ratiba. Basi la Dar es Salaam linaondoka alfajiri. Pipa la leo litakuwa tayari saa tisa mchana. Nauli hairudishwi.